Gitare moja haitoshi korali?



Jumapili moja jenereta ilikosa mafuta katika kanisa fulani njiani kwenda Kabambare. Korali ya vijana ikakataa kuimba: kinanda bila umeme, gitare bila umeme, basi tukakaa kimya. Wazee wakaanzisha wimbo wa kitabu kwa sauti tupu. Mimi nilikuwa mmoja wa wapiga gitare wale, na haya ikanishika.

Tangu siku ile ninasikiliza nyimbo za kwanza za Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya kule Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamnasa akipiga «Masanga» na «Bombalaka». Bosco alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Bendi hakuna, ngoma hakuna, gitare kavu tu. Sahani za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika moja, upande mmoja ulibeba dakika kama tatu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuchezea. Kidole gumba kinatembea chini na sauti nene, kidole cha shahada kinajibu juu. Mara ya kwanza nilizani wapigaji wako wawili. Hapana, ni yeye tu!

Wenzangu wengine wanasema: hiyo ni muziki ya mitaani, muziki ya kweli ni piano. Vizuri. Mwaka 1955 Glenn Gould wa Kanada, naye wa miaka 22, aliingia studio kule New York kupiga Goldberg ya Bach peke yake, na sahani ile ikamtangaza duniani. Bach alikuwa mtu wa kanisa, Mlutheri, na sisi Waprotestanti tunapenda kumtaja. Nimewasikiliza wote wawili. Kazi ni ile ile: mtu mmoja, vidole vyake, sauti mbili tatu zinafuatana bila kugongana. Na mtaalamu David Rycroft wa Chuo Kikuu cha London aliketi akaandika upigaji wa Bosco kwa alama za muziki, kama vile vitabu vya piano. Ulichapwa mwaka 1961 na 1962 katika jarida «African Music». Nani anapoteza wino namna hiyo juu ya kitu cha ovyo?

Mzee mmoja aliniambia kwamba masanga kwa Kilingala ni pombe, basi isisikike shuleni. Namheshimu mzee. Lakini mimi sikusikiliza pombe, nilisikiliza kidole gumba.

Sisemi tuuze kinanda. Ninaomba Bwana Prefe na mwalimu wa muziki watupe saa moja siku ya Jumamosi, tusikie Bosco na Gould pamoja, halafu wapiga gitare tujaribu wimbo mmoja wa kitabu kwa namna ile, bila umeme. Gitare kavu ya shule imekatika nyuzi mbili. Mimi nitaleta moja. Nani analeta ya pili?