Mlima Sekenke, sehemu ya 4: Msimalizane barabarani

Mama zangu, na nyie baba vijana mnaosoma kupitia simu ya mke, sehemu 3 zilizopita niliongea kwa upole. Leo sitaweza, mnivumilie.

Mnaoujua mlima wetu mnajua. Ukitoka Singida, ukishapita Misigiri, barabara inashuka kwa kona mpaka Shelui, kule chini kwenye mbuga ya Wembere. Ndiyo njia ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Lakini siyo malori tu. Zinapita familia changa kutoka Kigali na Bujumbura na gari dogo, zinakwenda Dar. Na zetu zinakwenda kwao, harusini au kutembelea ndugu. Gari la mgeni likigongwa hapa, kinachofuata nakijua kwa moyo. Watu wanajaa, sauti zinapanda, halafu mtu mzima mmoja anasema: "Jamani, haya tuyamalize wenyewe."

Mimi nasema hapana.

Kuna mama mmoja, mgeni kutoka nchi jirani. Lori liliwakwangua ubavuni kwenye kona. Mlango umebonyea, taa imepasuka, damu hakuna. Wakabishana masaa 2 juani. Dereva wa lori akatoa pesa kidogo, wakapeana mikono, kila mtu akashika njia yake. Mtoto wa mwaka na nusu alikuwa amepakatwa kiti cha mbele. Alilia kidogo, akalala. "Amechoka na safari," mama akasema. Jioni ndo wakatuletea. Anatapika, na ukimwamsha haamki vizuri. Tukampa rufaa usiku uleule. Alilazwa siku nyingi, na Mungu ni mwema, alipona.

Lakini wale wazazi hawakuwa na karatasi hata moja. Namba ya simu waliyopewa haipatikani. Namba ya lori hakuna aliyeiandika. Ile pesa ya kumalizana iliisha kwenye usafiri wa kwenda hospitali.

Swali langu ni moja. Katika yale masaa 2, nani alimwangalia mtoto? Bampa ilikaguliwa na wanaume kumi. Mtoto hakukaguliwa na yeyote.

Najua mtakachonijibu. "Dada nesi, polisi watatuchelewesha. Tuko nchi ya watu, watatugeuzia kibao." Nawaelewa, hofu hiyo siyo ya bure. Lakini fikiria vizuri. Nyumbani kwako una jirani, una shemeji, una mjumbe wa mtaa, wote watakusemea. Ugenini una nani? Ugenini karatasi ndiyo ndugu yako. Ukikubali kuondoka bila karatasi, umemwacha ndugu yako barabarani.

Tena siyo hiari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyepata ajali asimame, asaidie walioumia na atoe taarifa polisi. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa mmeelewana". Piga 112.

Na bima je? Anayevuka mpaka aulize Kadi ya Njano ya COMESA kabla ya safari. Tanzania ilishajitoa COMESA, lakini kadi hii inatumika hapa, kama inavyotumika Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Inalipia madhara uliyomsababishia mwingine, na matibabu ya dharura ya waliomo kwenye gari lako. Sasa wewe ukishakiri kosa mbele ya umati na kulipana mkononi, bila ripoti ya polisi, unadhani bima italipa nini? Sema pole, saidia watu, lakini kosa ni la nani, waache polisi wapime.

Ikitokea, fanyeni hivi. Zima gari, weka alama nyuma mbali, maana lori linaloshuka Sekenke halisimami ghafla. Hesabu watu wako, anza na mtoto aliye kimya, siyo anayelia. Panapotoka damu, bana kwa kitambaa safi, usiachie. Anayelalamika shingo au mgongo usimvute, labda kama kuna moto. Usimpe maji wala chakula. Halafu piga picha: magari yalivyokaa, namba za gari, stika ya bima, leseni. Kisha mgawane. Mmoja na mtoto hospitali, mwingine polisi.

Mtoto muangalie siku 2 nzima. Akitapika tena na tena, akilala usingizi usio wake, akishtuka degedege, tumbo likawa gumu au akapauka, rudi hospitali hata kama ni saa nane usiku. Mjamzito nenda siku hiyohiyo hata kama huumwi popote. Kondo la nyuma linaweza kuachia bila tone la damu kuonekana.

Na kupakata mtoto kiti cha mbele, tuache. Gari likigonga, mikono yako haitamshika, hata ungekuwa na nguvu za Samsoni. Kiti cha nyuma, afungwe.

Sasa nyie wenzangu wa hapa. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatukusema mwenyeji achume. Nimeona mtu anapapasa mfuko wa majeruhi kabla hajapapasa mapigo yake. Na lori la mafuta likianguka, chukua watoto ukimbie mbali, ndoo iache nyumbani. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, walikufa zaidi ya watu 100 kwa mafuta ya kuchota. Sange, kule Kongo, Julai 2010, walikufa zaidi ya 200, na watoto wakiwemo.

Na sisi wa mavazi meupe tusijifiche. Mama wa Bujumbura hajui PF3 ni nini, hajui kama ni fomu ya polisi ya majeruhi. Ukimwambia "kalete PF3 kwanza" mtoto akiwa anavuja damu, umemwambia nini? Tibu kwanza, fomu itafuata. Damu haisomi fomu.

Wewe unayesafiri mwezi huu, mtumie ujumbe huu anayeendesha. Na siku ukisikia "tuyamalize wenyewe", muulize aliyesema: mtoto wangu akiamka saa nane usiku anatapika, nitakupata wapi?

Sehemu ya 5 nitaongelea begi la dharura la safari. Usiku mwema.