«Ulimufanya nini?»



Mutoto mupya wa mwaka wa 7 anaamushwa usiku, afue nguo za wakubwa. Akikataa, makofi. Asubuhi anakwenda kusema. Wanamuuliza: «Na weye, ulimufanya nini?» Ao wanacheka: «Sisi pia tulipita mule.» Mulipita, ndiyo. Mulifurahi?

Kule Kenya, masomo ya Alliance High School yalianzishwa na Waprotestanti mwaka 1926, nayo yana sifa kubwa. Mwaka 2017 ikajulikana kwamba wapya waliteswa mule na wanafunzi wakubwa, wale waliopewa kazi ya kuchunga wenzao. Serikali ikachunguza, mukubwa wa masomo akaacha kazi.

Angalieni vizuri: wenye kutesa walipewa nguvu na watu wazima. Hapa Dilala pia, ku internati, mutoto atamushitaki kapita wa chumba kwa nani, kama kila neno linapita kwanza ku kapita? Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamulinda mutoto, lakini sheria hailali chumbani.

Mimi pia nilituma mupya maji usiku. (Sisemi ku masomo gani.) Hakuna aliyenikataza, basi nikaona ni haki yangu.

Naomba hivi: mutoto akisema, musiwasimamishe wote wawili kwenye bendera wapeane mukono. Usiku ule ule watalala chumba kimoja. Mwalimu mumoja aingie mule kisha taa kuzimwa, bila kumujulisha kapita.