Kazi za Watoto Wetu Nazo Ziandikwe

Vyuo vikuu vya nje vyenye ushindani mkubwa havimuulizi mwombaji alama za mtihani peke yake. Humuuliza pia: ukitoka darasani, wafanya nini? Swali hilo ni fupi, lakini vijana wetu wengi hulikabili kwa hofu. Si kwamba hawana la kujibu. Hofu yao yatokana na kutoambiwa na mtu yeyote kwamba maisha wanayoishi ni jibu tosha.

Wasomaji wetu wa Visiwani huenda wamelisikia jina la Oloipiri, kata iliyomo katika tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, kwa sababu ya mgogoro wa ardhi wa huko, hasa tangu Juni 2022 ilipowekwa mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500. Leo hatusemi habari ya mipaka. Tunasema habari ya kijana wa huko ambaye, skuli ikifungwa na dakhalia kubaki tupu, hurudi bomani na kukabidhiwa ng'ombe wa jamaa yake. Kiangazi kikiwa kikali humlazimu ajue maji yako wapi, malisho yamebaki upande gani, na ng'ombe yupi ameanza kuugua. Dada yake huchota maji, hutafuta kuni, hukama na kulea wadogo zake.

Huku kwetu mambo si tofauti. Msichana wa Paje huingia pwani na mamake maji ya bamvua yanapokupwa, akafunga na kuvuna mwani, kilimo kilichoanza Unguja mwaka 1989 na ambacho mpaka leo kimebebwa zaidi na wanawake. Kijana wa Wete, msimu wa karafuu ukiwadia, hupanda mkarafuu asubuhi, na usiku hukaa na wenziwe kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo. Wote hawa ni watoto wa nchi moja, na mtihani wao wa Kidato cha Sita ni mmoja, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Ukiwauliza shughuli zao za nje ya masomo, watakujibu kwa haya: hatuna.

Na tutazame fomu yenyewe inasema nini. Vyuo vingi vya Marekani hutumia fomu ya pamoja iitwayo Common App. Humo mwombaji hupewa nafasi ya kueleza shughuli zisizozidi 10. Kila moja huielezea kwa herufi zisizozidi 150, akataja ni saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka. Wazazi wengi wakisikia hivyo hudhani kinachotakiwa ni piano, tenisi au klabu ya midahalo. Lakini katika orodha ya aina za shughuli zinazokubaliwa, majukumu ya kifamilia yametajwa waziwazi, na kazi ya ujira kadhalika. Kwa maneno mengine, ng'ombe wa Oloipiri na mwani wa Paje wana nafasi yao katika karatasi ile. Asiyelijua hilo huiacha nafasi hiyo wazi.

Uingereza nayo ina utaratibu wake. Kwa wanaoomba kuingia vyuoni mwaka 2026, maelezo binafsi ya mwombaji yaligawanywa katika maswali matatu, na la tatu lataka kujua amejiandaa vipi nje ya masomo ya darasani. Hata hivyo yafaa tuwe wakweli: vyuo kama Oxford na Cambridge hupima kwanza kabisa uwezo wa kitaaluma, wala hakuna chuo chenye hadhi kinachompokea kijana kwa uchungaji peke yake. Kufaulu masomo ndiyo nguzo. Tunachosema ni kwamba pale ambapo waliofaulu ni wengi kuliko nafasi, jibu la swali lile huamua nani aingie na nani abaki nje.

Jirani zetu wa Kenya walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 2004, mwandishi wa Kimarekani John Manners na Profesa Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, walianzisha mpango wa KenSAP katika Bonde la Ufa. Walichagua vijana waliofaulu vizuri sana mtihani wa Kidato cha Nne, wakawasaili, wakawapima hata kwa mbio za mita 1,500, kisha wakawaandaa kuomba vyuo vya Marekani. Wengi walipokelewa katika vyuo vikubwa. Akili na miguu vijana hao walikuwa navyo tangu makwao. Walichoongezewa ni mtu wa kukaa nao chini na kuwaeleza fomu inauliza nini na hujibiwa namna gani.

Wapo watakaosema kwamba kumpima mwanafunzi kwa kazi zake za nje ya darasa ni desturi ya kigeni. Sivyo. Taifa letu lilikwisha kulijaribu jambo hilo. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka skuli ifundishe kazi pamoja na kitabu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaenda mbali zaidi: aliyemaliza Kidato cha Sita alitakiwa kwanza alitumikie taifa na kufanya kazi, ndipo aombe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama. Shabaha yake ilikuwa njema. Lakini haukupita muda mrefu ikadhihirika kuwa idadi ya wanawake wanaoingia chuoni imeshuka, na ilipofika mwaka wa masomo wa 1976/77 wanawake wakaondolewa sharti hilo.

Hapo pana fundisho. Kipimo cha tabia na shughuli chaweza kumfungulia mnyonge mlango, na chaweza pia kumfungia. Huko Marekani kwenyewe, katika miaka ya 1920, Harvard na vyuo vingine vikubwa vilianza kutilia mkazo tabia na haiba ya mwombaji wakati ambapo wakuu wake walitaka kupunguza idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi. Kwa hiyo tusikipokee kipimo hiki kwa upofu. Tajiri aweza kumnunulia mwanawe safari, vyombo vya muziki na mwalimu wa kumwandikia insha. Masikini ana kazi yake tu, na kazi isiyojulikana haihesabiwi. Zaidi ya wote tunamhofia msichana, kwa kuwa kazi zake za nyumbani ndizo nyingi kuliko zote, na ndizo zisizoitwa kazi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ndipo lilipo tatizo letu. Skuli kadhaa za kulipia zina mshauri ambaye kazi yake ni kuwaongoza wanafunzi katika maombi ya vyuo. Fomu ile ya Marekani hudai ripoti ya skuli na barua ya mshauri. Katika skuli ya Serikali, iwe Ngorongoro, Karatu, Unguja au Pemba, barua hiyo humwangukia mwalimu mkuu mwenye mamia ya wanafunzi, ambaye hana maandishi yoyote ya kumsaidia kukumbuka kijana huyu alifanya nini. Huandika kwamba ni mtiifu na ana bidii. Barua ya namna hiyo haimdhuru mtu, wala haimsaidii.

Tunazishauri Wizara zinazohusika na elimu, ya Zanzibar na ya Bara, pamoja na TAMISEMI, zifanye mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mwanafunzi wa sekondari awe na daftari la shughuli, ambamo kazi za nyumbani, za michezo na za kijamii zitaandikwa kila muhula, zikathibitishwa na mwalimu wa darasa na mzazi. Pili, kila skuli yenye Kidato cha Tano na cha Sita imteue mwalimu mmoja wa ushauri wa vyuo, apewe mafunzo na apunguziwe vipindi. Tatu, mwalimu huyo awe na kalenda ya maombi na orodha ya ufadhili wa kweli, ili kijana asiangukie mikononi mwa mawakala wanaouza ndoto. Ajue kwa mfano kwamba Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vyuo vichache ambavyo, vinapoamua nani apokelewe, haviangalii kama mwombaji wa nje ana uwezo wa kulipa.

Lakini pana mambo mawili ya kuonya. Daftari hilo lisigeuzwe kuwa kitabu cha uongo. Anayejipachika uongozi wa klabu isiyokuwapo hujiharibia, na huwaharibia wenziwe watakaoomba baada yake kutoka skuli ileile. Pia lisiwe kisingizio cha kumtoa mtoto darasani akachunge au akachume karafuu siku za masomo. Tunataka kazi anayoifanya baada ya masomo iheshimiwe. Hatutaki iyale masomo.

Huenda mtu akauliza, ya nini kuhangaika, ilhali tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo vya viza, zikiwamo za wanafunzi? Jibu letu ni kwamba siasa za viza hubadilika, na dunia si nchi moja. Ufadhili wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012, hupitia vyuo vya Afrika kama Makerere, Ashesi na Cape Town, sawa na Edinburgh, nao hutafuta vijana wenye moyo wa kuitumikia jamii. Mwajiri wa hapa nchini pia atapenda kujua kama kijana amewahi kukabidhiwa dhamana na akaitunza.

Kijana aliyelinda mifugo ya jamaa yake katika kiangazi cha Loliondo amekwisha kubeba dhamana. Msichana aliyesoma usiku baada ya kushinda majini na mwani amekwisha kuonyesha uvumilivu. Wao wamekwisha kutimiza sehemu yao. Iliyobaki ni yetu, watu wazima na viongozi, tena ni nyepesi kuliko yao: kuchukua kalamu na kuandika tulichokiona.