Amelipiwa Kila Kitu?



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita, kabla ya baraka ya mwisho, tuliwatangazia habari njema. Binti wa mojawapo ya jumuiya zetu hapa Kwala, ambaye ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimojawapo nchini, amepata ufadhili wa kwenda Ulaya kusomea shahada ya uzamivu kwa miaka minne. Akina mama walipiga vigelegele, kwaya ikaongeza wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba, nasi kwa furaha ile tukasema kwamba binti yetu amelipiwa kila kitu. Juma hili tunapenda kuirudia kauli hiyo, maana haikuwa kweli yote. Aliyetuonyesha kosa letu ni mama yake mzazi.

Mama huyo alifika ofisini Jumatatu asubuhi. Alitushukuru kwa tangazo, akaketi, kisha akauliza kwa upole: "Baba Paroko, ulisema mwanangu amelipiwa kila kitu. Wale wajukuu wawili wanabaki kwangu, na yule mdogo bado hajaanza hata shule. Mimi nimelipiwa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Mama hakuuliza kwa uchungu, wala hakuja kuomba fedha. Aliuliza kama mtu anayehesabu magunia yake na kukuta hesabu ya mwenye duka haitimii.

Tuanze na haki ya wafadhili, maana si vema kudharau mkono unaotoa. Ufadhili kamili, kwa kawaida, hulipa ada ya chuo, nauli ya ndege ya kwenda na kurudi, bima ya afya na posho ya kila mwezi. Mara nyingine huongeza fedha za utafiti. Mpango wa ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulianzishwa mwaka 1959, na shirika la DAAD la Ujerumani nalo limesomesha wengi wa Afrika Mashariki. Hakuna mfugaji wa Kwala ambaye angeweza kuuza ng'ombe wake akamaliza gharama ya namna hiyo. Kwa hiyo tulishangilia kwa haki, wala hatuiondoi shangwe yetu.

Hata hivyo, ziko gharama ambazo barua ya ufadhili haizitaji. Kabla barua haijafika, mwombaji amekwisha kulipia mengi: pasipoti, ambayo kwetu ni shilingi 150,000; mtihani wa lugha ya Kiingereza; kuthibitisha vyeti; nauli za kwenda na kurudi Dar es Salaam. Anayekwenda Uingereza hutakiwa pia kupimwa kifua kikuu kabla ya kupewa viza. Wangapi miongoni mwa vijana wetu wenye akili wameishia hapo, si kwa kushindwa masomo, bali kwa kukosa nauli na ada ya mtihani? Na baada ya barua kufika, posho mara nyingi hupigiwa hesabu ya mtu mmoja. Mume anayebaki, watoto wanaobaki, bibi anayeanza upya kuamka usiku kwa ajili ya mtoto mwenye homa, hao hawamo katika hesabu.

Neno lenyewe latufundisha. Shahada hii twaiita ya uzamivu, na uzamivu watokana na kuzama. Wenzetu wa pwani wanajua kwamba anayezama chini kabisa humwacha mwenzake juu, ndani ya chombo, ameshika kamba. Lulu ikipatikana, jina huwa la mzamaji. Lakini kamba ingeachiliwa, kusingekuwa na lulu wala mzamaji.

Maandiko Matakatifu nayo yanatupa mfano ulio wazi. Musa alielimishwa katika nyumba ya Farao, akafunzwa hekima yote ya Wamisri, wala wazazi wake hawakutoa ada. Twaweza kusema kwamba huo ulikuwa ufadhili kamili. Lakini someni tena sura ya pili ya kitabu cha Kutoka. Yuko mama aliyesuka kisafina na kukipaka lami. Yuko dada aliyesimama mbali kidogo, akimlinda mdogo wake kwa macho. Binti Farao alimlipa mama huyo ujira wa kunyonyesha, naye hakujua kwamba anamlipa mzazi mwenyewe. Yule dada tunamsikia tena mbele. Lakini wakati ndugu yake anafunzwa katika jumba la mfalme, yeye alikuwa katika nyumba ya watumwa. Ni kina dada wangapi katika vitongoji vyetu waliosimama namna hiyo, wakaacha shule ili kaka au mdogo wao asome?

Tuna mfano wa karibu zaidi. Laurean Rugambwa wa Kagera alipewa upadre mwaka 1943. Baadaye alipelekwa Roma kusomea Sheria za Kanisa, akahitimu udaktari mwaka 1951, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa askofu. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Kardinali, wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu hizi, na tangu mwaka 1968 hadi 1992 alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Hospitali ya Ukonga, katika njia ya Pugu, ina jina lake. Haya yote twayataja kwa fahari. Lakini sisi mapadre twajua jambo moja: padri mmoja anapokwenda masomoni, vigango vyake havifungwi. Mwenzake hupanda baiskeli asubuhi zaidi, katekista huongoza ibada nyingi zaidi, na wagonjwa husubiri mafuta matakatifu muda mrefu zaidi. Kila udaktari una watu wa namna hiyo nyuma yake, na majina yao hayaandikwi katika cheti.

Sasa tunasema lipi? Hatusemi binti yetu asiende. Wapo waliotufuata wakisema kwamba mwanamke mwenye watoto wadogo akae nyumbani. Tunawajibu kwamba mwaka jana tulimwombea baba wa watoto watatu aliyekwenda masomoni ng'ambo, na hakuna aliyetuletea hoja hiyo. Kama safari ni halali kwa baba, ni halali kwa mama pia. Kilicho haki ni kwamba mzigo ugawanywe kwa uwazi kabla ndege haijaruka, usije ukamwangukia mtu mmoja kwa sababu tu ni mwema na hajui kukataa.

Kwanza, familia iketi pamoja, baba wa watoto akiwamo, waseme nani atalipa nini na nani atalala na watoto. Pili, jumuiya iliyopiga vigelegele ishike kamba: watoto hao watembelewe, na bibi apate siku ya kupumzika na siku ya kwenda zahanati. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tatu, ndugu wasiigeuze posho ya mwanafunzi kuwa benki ya ukoo. Fedha ile ni ya chakula na pango katika nchi ya baridi. Anayeidai kila mwezi kwa ajili ya bati na harusi anamwondolea binti yetu usingizi na masomo.

Naye anayekwenda ana wajibu wake. Miaka hii Kwala yetu inabadilika. Bandari Kavu ilizinduliwa Julai 2025, treni ya mizigo inafika, na viwanda vinakuja. Tusipokuwa na wenye elimu ya juu wanaolijua vumbi la hapa, watoto wetu watabaki kuwa walinzi wa mageti ya wengine. Kama amewaahidi wafadhili kwamba atarudi, ahadi ni deni. Na hata yule ambaye maisha yatamweka mbali, tusimlaani. Lakini naye asisahau ni nani aliyeshika kamba.

Mama yule tulimwomba radhi. Tukamwambia: "Mama, Dominika ijayo tutasahihisha tangazo." Akacheka, akasema, "Baba, msinitaje tu jina." Hatukumtaja. Lakini Jumapili hii, wakati wa maombi ya waamini, tutamwombea binti anayesafiri, na mara baada yake tutawaombea wafadhili wake wote, walioko Ulaya na walioko Kwala. Nanyi mtakapoitikia, kila mmoja ajiulize kama yumo katika hesabu hiyo.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.