Sumu ya Nyuki na Uvimbe wa Titi

Mrina asali wa Ruziba, kusini mwa jiji la Bujumbura, hahitaji kuelezwa ukali wa nyuki. Mwaka 2020, hata hivyo, ilienea duniani habari kwamba sumu ya mdudu huyo huua saratani ya titi. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo yaweza kumponza mama mwenye uvimbe kuliko uongo mtupu.

Utafiti ulifanywa na Dkt. Ciara Duffy na wenzake mjini Perth, Australia. Walikusanya sumu ya nyuki 312, wa asali na wale wanene wenye manyoya, kutoka Australia, Ireland na Uingereza. Sumu ya nyuki wa asali iliziua chembe hai za saratani ya titi za aina mbili zilizo ngumu kutibika. Ya wale wanene haikufua dafu. Silaha yenyewe ni melitini, ambayo ni kama nusu ya sumu yote ikikaushwa. Hutoboa utando wa chembe, na katika dakika 60 utando huo huwa umekwisha kuharibika. Hata kabla ya hapo, melitini huzima amri zinazoifanya chembe ikue na kuzaana.

Lakini chembe zilizo katika kibakuli cha maabara si mwili wa mama. Melitini hutoboa pia chembe nyekundu za damu. Kazi kubwa iliyobaki, basi, ni kuifikisha penye uvimbe bila kuitawanya kwingine. Mwiba wa nyuki hauna shabaha hiyo. Mwaka 2018 madaktari wa Hispania waliandika habari za mama wa miaka 55 aliyekuwa akidungwa kwa nyuki hai ili kutuliza maumivu ya misuli. Miaka miwili ilipita salama; kisha siku moja mdungo mmoja ukamwangusha, naye hakupona.

Asali nayo isichanganywe na habari hii. Melitini hukaa katika kifuko cha sumu mkiani. Asali hutokana na maji matamu ya maua. Kijiko chake katika chai ya mgonjwa ni chakula kizuri (mtoto asiyetimiza mwaka asipewe kamwe), wala hakigusi saratani.

Ama mama aonaye uvimbe mpya, ngozi ya titi iliyobonyea, au chuchu itoayo damu, na aende hospitali juma hilo hilo, hata kama hasikii maumivu, kwani uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni.