Chombo Bila Hati: Mnunuzi Amenunua Nini?

Juma hili safu yetu inashuka pwani. Hakuna nyumba nyingi katika Pemba ambazo riziki yake haina mkono wa bahari ndani yake: huyu ana dau, yule ana fungu katika mashua, mwingine ni baharia tu, na mwingine ni mchuuzi anayengoja dikoni. Hata hivyo, katika mali zote tunazouziana, chombo cha bahari ndicho kinachouzwa kwa maneno matupu kuliko vyote. Shamba la mikarafuu huandikiwa hati, hata la miti michache. Pikipiki ina kadi yake. Lakini mashua na mashine yake, mali ya mamilioni, hubadilisha mikono mchangani kwa kuhesabiana noti na kupeana mkono, kisha kila mtu huenda zake.

Sababu inajulikana. Wavuvi wetu, hasa wa Kojani, Tumbe na Micheweni, ni watu wa dago. Huhama na misimu: Tanga, Mafia, Vanga, Shimoni, hata Lamu. Huko hukutana na mwenye chombo cha kuuza. Bei ni nzuri, msimu unakatika, na upepo wa kurudi nyumbani haungoji mtu kutafuta mwandishi. Mwenye kuuliza karatasi huonekana anamtilia mwenziwe shaka. "Ami, sisi ni Waislamu, tunajuana." Na neno hilo likishatamkwa, aliyetaka kuuliza huona haya.

Shauri lifuatalo lililetwa mbele ya kamati ya msikiti wetu. Majina na mahali nimeyaacha kwa ajili ya kuwasitiri wahusika.

Kijana mmoja, baba wa watoto wanne, alinunua bara mashua ya mbao pamoja na mashine yake. Alilipa fedha taslimu na muuzaji akapokea. Shahidi akawa baharia mmoja tu. Alikuja nayo Pemba, akaitia kalafati upya, akabadilisha mbao mbili za ubavuni, akaanza kuvulia. Baada ya mwaka walifika mama mtu mzima na binti yake. Walikitambua chombo kwa umbo la omo lake na kwa kiraka cha zamani karibu na tezi. Kilikuwa chombo cha marehemu mume wa mama yule. Muuzaji alikuwa mwanawe. Alikuwa ameuza mirathi isiyogawiwa, mama na dada yake wasijue, na alipotafutwa ikasemwa amevuka mpaka kwenda dago nyingine.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo swali la kichwa cha habari linapojibiwa. Marehemu ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Mke ana thumni. Kinachobaki ni cha watoto, na wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Chombo kikigawiwa mafungu 24, mama ana mafungu 3, mtoto wa kiume 14, na binti 7. Muuzaji alikuwa na mafungu 14 tu. Kumi yaliyobaki hayakuwa yake, na katika madhehebu yetu ya Shafi mtu hauzi asichokimiliki wala hakukiwakilishwa. Kwa kauli yenye nguvu iliyotajwa na Imamu Nawawi, mauzo ya namna hii husihi katika sehemu ya muuzaji na hubatilika katika sehemu ya wengine. Naye mnunuzi asiyejua ana hiari ya kuvunja mapatano, au kubaki na ile sehemu kwa kiasi chake cha bei.

Basi kijana yule, aliyedhani ana mashua nzima, alikuwa mshirika wa mjane na binti ambao hajapata kuwaona maishani. Mjane yule naye, aliyedhani mwanawe amekikodisha chombo, alikuwa amekaa mwaka mzima bila kupata hata senti moja ya haki yake. Wote wawili wamedhulumiwa, na wote wawili wana watoto wa kulisha. Mwisho wake ulikuwa sulhu: mama na binti walikubali kumuuzia mafungu yao, naye akayalipa kidogo kidogo kwa pato la bahari, misimu miwili. Kwa maneno mengine, alinunua mara mbili sehemu ya chombo kile kile. Fedha anayomdai muuzaji bado inamtafuta mwenyewe.

Yapo madai mawili ambayo watu huyatumia kujitetea. La kwanza ni kwamba dini haikulazimisha kuandika biashara ya mkono kwa mkono. Ni kweli kwamba ile Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inaamrisha kuandikiana deni, kisha inaondoa ubaya wa kutoandika biashara ya papo kwa papo. Lakini wanaoishia hapo hawajamaliza kusoma. Sentensi inayofuata inaamrisha mashahidi mnapouziana. Na wanazuoni wengi waliosema kuandika ni sunna, si faradhi, hawakusema kuandika ni dharau. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, alipouziana na sahaba Al-Adda' bin Khalid, aliandika hati yenye kutaja wenye kuuziana na kwamba kiuzwacho hakina kasoro iliyofichwa. Ikiwa mwaminifu kuliko wote aliandika, nani kati yetu atakayeona haya kuomba kalamu?

Dai la pili ni kwamba chombo cha mbao hakina namba, basi kitaandikwaje? Chombo kina alama nyingi kuliko gari. Kina urefu wake kutoka omo hadi tezi, upana wake, aina ya mbao, idadi ya mataruma, rangi, jina, viraka, na kina fundi aliyekiunda, ambaye mara nyingi yu hai na anaikumbuka kazi yake. Ama mashine, hiyo ina namba kamili. Itazame kwenye bati dogo lililobandikwa katika mabano yanayoibana mashine kwenye tezi. Likiwa limebanduliwa au limekwanguliwa, hiyo peke yake ni habari: ondoka na fedha zako. Tukumbuke kwamba chombo na mashine ni mali mbili. Mwenye chombo huenda siye mwenye mashine, kama ilivyo kwa wanaoleta boti za faiba juu ya trela: boti ina hati yake, na trela, kwa kuwa inatembea barabarani, ina namba na usajili wake. Kila kimoja kiandikwe mbali.

Upande wa serikali, Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi namba 7 ya mwaka 2010, na ina Mamlaka ya Usafiri Baharini iliyoundwa kwa Sheria namba 3 ya mwaka 2009. Upande wa Bara kuna shirika jingine, TASAC, lenye daftari lake. Kwa hiyo chombo kilichosajiliwa Tanga hakigeuki kuwa cha Wete kwa sababu tu kimefunga nanga Wete. Kinatakiwa kitolewe katika daftari la kule, kwa ombi la yule ambaye jina lake limo, ndipo kiingie la huku. Kikitoka Kenya, huongezeka Forodha. Asiyeyafanya haya hupata shida siku ya doria, na shida kubwa zaidi siku ya msiba.

Siku ya msiba, Pemba haihitaji kufundishwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikija kwetu. Ilibeba watu wengi kupita idadi iliyoruhusiwa, na kwa kuwa majina hayakuwa yameandikwa ipasavyo, hesabu ya waliopotea ikabaki kubishaniwa. Zipo familia zilizokosa hata jina la mtu wao katika orodha. Mashua ya uvuvi ni ndogo mno mbele ya meli ile, lakini kanuni ni moja: chombo chenye jina, namba na mmiliki anayejulikana kikichelewa kurudi, watu wanajua wanatafuta nini, na kikionekana kimepeperushwa pwani ya Kenya, wanajua wampigie nani simu.

Sasa, yule ambaye ameshanunua bila karatasi afanye nini? Asikate tamaa, na asidanganye.

Kwanza, amtafute muuzaji angali hai, waandike leo yale yaliyotendeka. Tarehe ya hati iwe ya leo, na ndani yake itajwe kwamba mauzo yalifanyika siku fulani. Kuandika tarehe ya zamani ili hati ionekane ya wakati ule ni uongo, hata kama mauzo yenyewe ni ya kweli. Na kumtia mtu mwingine dole gumba mahali pa muuzaji asiyepatikana ni ushahidi wa uongo, ambao Mtume (S.A.W.) aliuhesabu katika madhambi makubwa kabisa.

Pili, akusanye ushahidi wa pembeni: waliokuwepo siku ya kulipa, fundi aliyeunda, na kamati ya wavuvi ya diko kilikotoka chombo. Namba ya mashine aipeleke polisi iulizwe kama imeripotiwa kuibiwa. Muulizaji hawi mwizi. Anayeogopa kuuliza ndiye anayejitia mashakani.

Tatu, atangaze. Apeleke habari kwa sheha wake na kwenye diko la asili kwamba chombo hiki, chenye sifa hizi, kiko kwake, na mwenye dai ajitokeze. Tangazo hilo lisisomwe ndani ya msikiti, maana msikiti haukujengwa kwa kutafutia mali. Libandikwe nje, au lisemwe dikoni.

Nne, muuzaji akiwa amekufa au hajulikani alipo, aende mahakamani au kwa wakili akaape kiapo cha maandishi juu ya yale anayoyajua, bila kuongeza. Kama chombo ni cha mirathi, warithi wote watambuliwe kwanza. Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana zipo kwa kazi hiyo.

Tano, na karatasi hizo mkononi, aende kwa sheha, kisha ofisi ya uvuvi na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Chombo kitakaguliwa na kupimwa. Kila anacholipa adai risiti, na namba atakayopewa iandikwe kwenye chombo kwa rangi isiyofutika.

Na kwa anayekusudia kununua, fiqhi yetu ina silaha ambayo wengi wameisahau: dhamana ya daraka. Maana yake ni kwamba mtu wa tatu, mathalani ndugu wa muuzaji au nahodha anayejulikana, anamdhamini mnunuzi kwamba ikidhihiri chombo ni mali ya mwingine, yeye atairudisha bei. Wanazuoni wa Kishafi wameijuzisha dhamana hii baada ya muuzaji kupokea bei. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji alete mtu wa kusimama dhamana hiyo mara fedha zitakapopokelewa. Mwenye mali yake halali hatakosa hata mtu mmoja wa kumdhamini. Asiye na hata mmoja, kwa nini wewe umwamini?

Kina mama nao nina neno nao. Pato la chombo hugawiwa mafungu, na miongoni mwake lipo fungu la chombo chenyewe. Mume akifariki, fungu hilo ni mirathi yako na ya wanao. Lakini kama hakuna hati, nahodha aliyebaki na usukani anaweza kusema chombo ni chake, au kwamba marehemu alikuwa mshirika tu, nawe ukakosa la kujibu. Muulize mumeo angali hai, kwa upole na si kwa ugomvi: hati ziko wapi, nani washirika, nani anamdai nani? Si kumwombea kifo. Kuandika wasia na haki za watu ni katika sunna ya mwenye mali.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hati inayotosha haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Iandikwe: jina la muuzaji, la baba yake na la babu yake, pamoja na shehia yake, vivyo hivyo mnunuzi, sifa za chombo na namba ya mashine, bei kwa tarakimu na kwa maneno, iliyolipwa na iliyobaki, tamko kwamba chombo si rehani, si mirathi isiyogawiwa, wala hakina mshirika, kasoro zinazojulikana, tarehe, sahihi za wawili hao, za mashahidi wawili waadilifu, na ya mdhamini akiwepo. Nakala tatu: ya muuzaji, ya mnunuzi, ya sheha. Picha ya simu ichukuliwe pia, kwani karatasi na maji ya chumvi hawapatani.

Kalamu na daftari vipo katika kila msikiti wa kisiwa hiki, na katibu wa kamati hadai ujira kwa ukurasa mmoja. Kabla hujaitia mashua yako kalafati ya msimu huu, piga hodi. Wallahu a'lam.