Gugu Karoti Si Ua

Je, unalijua gugu karoti? Lina majani yaliyochanika kama ya karoti. Maua yake ni meupe, madogo na mengi. Mtu asiyelijua anaweza kuyachuma akayaweka mezani.

Gugu hili ni geni. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Hapa Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Hukaba mahindi na maharage, na hushinda nyasi za malisho. Ng'ombe akilila, maziwa yake huwa machungu. Watu wengine wakiligusa huwashwa na kutoka vipele. Wengine hubanwa kifua.

Mche mmoja huweza kutoa mbegu 10,000 na zaidi. Fanya hesabu: miche 10 ni mbegu ngapi? Mbegu hizo husafiri kwa tope la magurudumu, kwato za mifugo, nyasi kavu na maji ya mvua. Ndiyo maana huonekana kwanza kando ya barabara.

Na hapo ndipo tunapokosea. Kila mtu husema, "Barabara si shamba langu." Basi gugu hukua, hutoa mbegu, halafu mvua huzileta shambani kwako. Wengine husema tumngoje bwana shamba. Bwana shamba ni mmoja, gugu halimngoji. Mimi naona mkutano wa kijiji ugawe kando ya barabara kwa vitongoji, kila kitongoji na kipande chake. Serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo juu ya jambo hili.

Lakini kazi hii wasipewe watoto wa shule. Sisi wazee tunapenda kuwatuma watoto kazi tusizozitaka wenyewe! Hii ni ya watu wazima. Vaa glovu, au funga mikono kwa mifuko ya plastiki. Vaa shati la mikono mirefu. Funga pua kwa kitambaa.

Usifyeke, maana litachipua tena. Ng'oa pamoja na mizizi, udongo ukiwa na unyevu, kabla halijatoa maua. Kama limekwisha kutoa maua, litie katika gunia polepole ili mbegu zisimwagike, kisha lichome moto likikauka. Usisimame kwenye moshi.

Baada ya wiki 3 rudi pale pale. Utakuta miche mingine imeota.